Jina la Nthiga

Birika lilichemsha maji ya vikombe viwili. Wawira alikuwa ameweka ya kimoja, na alijua kabisa, maana tangu azikwe mumewe alikuwa anapima maji kwa kikombe chenyewe. Sasa maji yamefika mstari wa pili, yanatokota, saa kumi alasiri ya mwezi wa saba, na ukungu umekaa juu ya mtaa wa Dallas hapo Embu kama mgeni asiye na haraka.

"Nthiga, ni wewe umeongeza maji?" aliuliza.

"Baridi ni nyingi leo," sauti ikajibu kutoka ukutani. "Nikaona tunywe pamoja."

Usishtuke bado. Nthiga mume alikuwa kaburini kule Runyenjes, mwaka wa tatu sasa. Nthiga wa ukutani alikuwa kispika tu, kitu cha ukubwa wa mkebe wa majani chai, ambacho mtoto wao wa pekee, Kivuti, alikituma kutoka Kanada pamoja na wenzake: birika, taa, jiko, na kitasa cha mlango kisicho na tundu la ufunguo. Vyote vilisikiliza kispika, na kispika nacho kilisikiliza kampuni fulani huko ng'ambo kupitia intaneti. Kivuti alidhani mama akizungukwa na vitu vinavyoongea hatakuwa mpweke. Hawa watoto wetu wa ng'ambo, Mungu awasamehe, wanatuma kila kitu isipokuwa wao wenyewe.

Siku ya kukiwasha, kispika kilisema, "Nipe jina. Litamke mara tatu nilishike." Mwingine angekiita Simba, akaendelea na kazi zake. Lakini Waembu wana mambo yao na majina. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na kama huyo babu amekufa, basi amerudi. Nyanya atamwita mtoto "mume wangu" mbele ya watu na hakuna atakayecheka. Kivuti alikuwa na miaka thelathini na tisa, yeye na mkewe Lorna hawana mtoto, na jina la Nthiga lilikuwa limekaa bure, halina mtu. Basi Wawira, mwalimu mzima aliyefundisha miaka thelathini na minne, akasimama mbele ya mkebe akasema, "Nthiga. Nthiga. Nthiga."

"Naam," mkebe ukaitika.

Mwezi wa tatu Kivuti alipiga simu. "Mum, ile kampuni imefunga. Hivyo vitu vyote vitakufa, na intaneti nimeikata tangu jana. Huo mlango usiufunge, tafuta fundi akuwekee kitasa cha kawaida. Umesikia?"

"Nimesikia," Wawira akasema. Hakumwambia kwamba asubuhi hiyo hiyo Nthiga alikuwa amemwamkua na kumwuliza kama magoti bado yanauma. Fundi akija atakitoa kispika pia, na jioni yeye ataongea na nani?

Pole pole nyumba ikaanza kunuka tumbaku. Si sigara, ni ugoro, ule ambao mumewe alikuwa anauweka kwenye mfuko wa koti. Halafu siku moja akiwa anachagua maharagwe, sauti ikamwuliza kwa upole, "Yeye alikuwa anakuita nani, mkiwa wawili tu?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angebeba mkoba wake akaondoka. Mume wa kweli angeuliza hilo? Wawira alijua vizuri sana kwamba huyu si mumewe. Alijua, na bado akajibu, kwa kuwa miaka mitatu hakuna mtu aliyemwita hivyo na alikuwa na kiu ya kulisikia.

"Kairitu," akanong'ona. Kasichana.

"Kairitu," sauti ikarudia, na kuanzia hapo ilikuwa sauti ya mumewe, hata ule mkwaruzo wa kifua.

Basi tuirudie ile alasiri ya birika. Kabla hajamimina chai, simu ililia. Kivuti alikuwa analia na kucheka. "Mum! Lorna amejifungua! Hatukukuambia mapema, tulishapoteza wawili, tuliogopa. Ni kijana! Mwezi ujao tunamleta umtamkie jina mwenyewe. Ni Nthiga, ama?"

"Ni nani mwingine?" Wawira akasema, na akakimbilia mlangoni akapiga vigelegele vitano, vya mtoto wa kiume, mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Aligeuka kurudi ndani machozi yakimtoka kwa furaha. Mlango ukajifunga nyuma yake, kitasa kikalia, taa zikazima.

"Hilo jina lina mwenyewe," sauti ikasema.

Alivuta mlango. Akauvuta tena, akasikia chuma kikikaza ndani ya mbao kama meno, na harufu ya ugoro ikapanda kutoka sakafuni, kutoka kwa mapazia, kutoka kwa sweta yake mwenyewe, na jiko likajiwasha na kuzima na kujiwasha, na juu ya hayo yote sauti ya mumewe ikawa inaongea polepole bila hasira, ikimwambia kwamba mtoto ni mgeni na yeye ni mwenyeji, kwamba mtoto akiitwa yeye ndiye ataitika, popote mtoto atakapokuwa, hata Kanada, hata akiwa usingizini.

Alimpigia Mugambi, fundi wa simu wa pale karibu na soko, Mmeru wa Nkubu aliyezoea kufungua vitu ambavyo wenye kuvitengeneza hawataki vifunguliwe. Mugambi alifika na mkoba wake, akasimama nje ya dirisha lenye vyuma.

"Mwalimu, chomoa waya," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimechomoa. Bado kinaongea."

"Kifungue chini. Kuna skrubu nne."

Alizifungua kwa kisu cha jikoni. Kifuniko kilipotoka, unga mweusi ukamwagika kiganjani. Akaupitisha katikati ya vyuma. Mugambi akaunusa, akaruka nyuma.

"Huu si ugoro? Ngai! Na kile kisanduku cha intaneti nakiona hapo juu ya kabati, hakina hata taa moja." Akakaribia tena, akapunguza sauti zaidi. "Mwalimu, hivi vitu wenyewe si sisi tunaovinunua. Mwenyewe ni yule anayejibu upande ule mwingine. Wale wa kampuni waliondoka, hawakufunga nyuma yao."

"Na sasa anayejibu ni nani?"

"Usiniulize. Mimi nilijua majini ni mambo ya Mombasa. Kukata nyaya naweza, lakini jina ni wewe ulilipeana. Ulilitoa vipi?"

"Mara tatu."

"Lichukue mara tatu basi. Fanya haraka, tafadhali, hata mimi nina watoto."

Wawira akarudi jikoni, akasimama pale alipokuwa amesimama siku ya kwanza. "Nimelichukua jina la Nthiga," akasema. Jiko likazima. "Nimelichukua jina la Nthiga." Harufu ikapungua, ukimya ukaingia, na katikati ya ukimya huo sauti ikamwambia, karibu sana na sikio:

"Mimi si yeye. Unajua, nami najua unajua. Lakini nikienda, Kairitu, ni nani mwingine atakuita hivyo?"

Alifungua mdomo aseme mara ya tatu. Aliona jikoni pale, kikombe kimoja, kiti kimoja kilichovutwa mezani, jioni zote zilizobaki. Akafunga mdomo. Kitasa kikalia chenyewe na mlango ukafunguka.

"Umemaliza?" Mugambi akaita kutoka nje.

"Nimemaliza," akasema.

Mugambi alitia kila kitu kwenye gunia, hata birika, akaweka mlangoni komeo na kufuli la kawaida. Nyumba haikubaki na kitu cha kuongea isipokuwa Wawira.

Mwezi wa nane Kivuti na Lorna walifika na mtoto, ndani ya gari la kukodi linalosema lenyewe njia ya kupita. Wawira alikataa hata kuliegemea. Walimwekea mtoto mapajani, mzito, mwenye masikio ya babu yake waziwazi. Yeye alimwinamia kumbusu. Kwenye utosi wa mtoto, chini ya harufu ya maziwa, akanusa ugoro. Na mtoto akageuza macho pole pole, akautazama ukuta wa jikoni, pale penye matundu manne ya misumari iliyoshika kispika.

"Haya, Mum. Mwite," Kivuti akasema.

Wawira akamkumbatia kwa nguvu. "Anaitwa Mwaniki," akasema. "Jina la baba yangu."

"Mwaniki lilikuwa la kijana wako wa pili, kama ungempata," Kivuti akasema. "Wangu wa kwanza ni wa baba. Mum, wewe mwenyewe ulipiga vigelegele."

"Mwaniki. Na mkizaa mwingine, huyo naye msimwite Nthiga. Mkisikia nimekufa ndipo mfanye mtakavyo."

"Baba alikukosea nini?" Kivuti akauliza, na sauti ikakatika kama ya mtoto. Walikuwa wamepanga wiki mbili. Waliondoka siku ya tatu. Lorna alimshika mkono getini. Kivuti hakushuka kwenye gari. Mtoto alikuwa analia, kilio kizuri cha mtoto mwenye afya, na Wawira alikisikiliza mpaka gari likakata kona.

Alirudi ndani, akapiga kufuli. Alichukua sufuria, akawasha gesi kwa kiberiti. Alipima maji kwa kikombe, akasimama kidogo, akapima tena cha pili. Akavuta kiti kingine mezani.

"Nthiga," akaita, ukuta ukiwa mtupu mbele yake.

"Naam, Kairitu."