Kompyuta Iliyochelewa Kuamka

Kila siku saa moja asubuhi, Fundi Saa alifanya mambo matatu. Aliteleka maji ya chai. Aliwasha kompyuta yake ndogo juu ya meza. Kisha alimwamkia dada yake mkubwa.

Hakumwamkia kwa mdomo. Miaka miwili nyuma, madaktari walimpasua koo wakatoa uvimbe. Uvimbe ulitoka, na sauti ikaondoka nao. Tangu hapo aliandika maneno kwenye kompyuta, na kompyuta ikayasoma kwa sauti.

"Shikamoo dada. Umeamkaje?" kompyuta ilisema.

"Marahaba. Nimeamka salama, mdogo wangu. Ila hiyo sauti yako jamani! Kama karani mwenye mafua."

Fundi Saa alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Dada yake hakuyaona mabega hayo. Presha ya macho ilikuwa imemtia gizani kabisa. Alisikia tu kiti kikilia, akajua mdogo wake anacheka.

Ndugu hao wawili waliishi peke yao. Mume wa dada alikwisha kufariki, na mke wa Fundi Saa vilevile. Mmoja hakuweza kusema, mwingine hakuweza kuona. Tena dada hakuwahi kusoma, kwa hiyo hata kumwandikia herufi kiganjani kusingesaidia kitu. Simu ya Fundi Saa ilikuwa ile ndogo ya vitufe, haikuweza kusoma maneno. Kompyuta ikizimwa, walibaki na meza. Fundi Saa akigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Lakini kompyuta ikiwa macho, walikuwa na maongezi! Fundi Saa alimweleza dada yake mawingu yamekaaje, nani kapita barabarani, nani kavaa nini. Dada alibisha, akauliza, akamtania. Chai ilipoa vikombeni.

Jumatatu moja jioni, maandishi yalitokea kwenye kioo cha kompyuta: "Masasisho yako tayari." Fundi Saa akakubali. Akaenda kulala.

Jumanne asubuhi kompyuta haikuamka kama kawaida. Kiduara kilizunguka kwenye kioo cheusi. Chini yake paliandikwa: "Inakamilisha masasisho. Usizime kompyuta." Dakika kumi zikapita. Dakika ishirini. Kiduara kinazunguka tu.

Fundi Saa aliyasoma maandishi yale. Lakini alikuwa ametengeneza saa miaka arobaini. Katika kazi yake, saa ikianza kujikokota, unaisimamisha hapo hapo kabla meno yake ya ndani hayajalika. Ukiiacha ijikokote, umeiua. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine. Basi aliweka kidole gumba kwenye kitufe cha kuwashia. Akakibana mpaka kompyuta ikazima. Akaiwasha tena. Kiduara kikarudi.

"Mdogo wangu, upo?" dada aliuliza.

Fundi Saa akagonga meza mara moja.

"Mbona husemi?"

Swali hilo halina ndiyo wala hapana. Fundi Saa alikaa tu, mkono juu ya meza.

Jumatano ikawa vivyo hivyo. Aliwasha, akangoja, akakasirika, akazima. Alhamisi akafanya hivyo mara tano. Siku tatu nzima hakuna neno lililosikika katika nyumba ile ila la dada peke yake.

"Nimekukosea?" dada aliuliza Alhamisi hiyo.

Mara mbili.

"Umenichoka?"

Mara mbili, kwa nguvu, mpaka vikombe vikatikisika.

"Basi niambie kuna nini! Kompyuta yako naisikia inavuma, si mbovu. Kugonga meza ndiyo kusema? Hata anayetaka niondoke anaweza kugonga."

Dada aliipapasa simu yake, akabonyeza kitufe cha kumpigia mwanawe.

"Mwanangu, njoo Jumamosi unichukue. Nimekaa hapa vya kutosha. Mjomba wako hasemi na mimi tena. Sitaki kuwa mzigo wa mtu."

Fundi Saa alisikia yote. Alifungua mdomo. Pumzi tupu ikatoka. Roho ilimuuma kuliko siku aliyoambiwa sauti yake haitarudi.

Mpaka hapo hakuwa amemwambia mtu. Aliona haya. Hakutaka maneno yake na dada yake yapitie kinywani mwa watu wengine. Lakini Ijumaa mchana alimeza aibu yake. Akaenda nyumba ya tatu, kwa jirani yake, mwanamke aliyetunza kompyuta za hospitali. Akampa karatasi. Alikuwa ameandika: "Mashine yangu ya kusemea haiamki. Kesho dada yangu anaondoka kwa sababu hiyo."

Jirani akaisoma mara mbili.

"Twende, mzee. Leo nimetoka kazini mapema."

Alipofika aliketi mbele ya kompyuta, lakini hakuigusa.

"Kwanza nieleze. Ikichelewa kuamka, unafanyaje?"

Fundi Saa akaonyesha kidole gumba, kisha kitufe.

"Umeizima hivyo mara ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. Mkono mmoja ukaisha, akaingia wa pili.

"Ala! Mzee, umeisumbua kweli."

Dada alisikia sauti ngeni. Akatoka chumbani alikokuwa akikunja nguo zake, akishika ukuta. "Nani huyo?"

"Ni mimi, mama, jirani. Shikamoo. Karibu uketi, usikie na wewe." Jirani alimsogezea kiti, kisha akamgeukia Fundi Saa. "Masasisho ni matengenezo. Waliounda programu wakiona tundu ambalo wezi wanaweza kupitia, wanaliziba, wanatutumia. Ni jambo zuri, wala usiyakatae. Lakini yakishaingia, kompyuta ina kazi ya kupanga upya vitu vyake. Kwa hiyo mara ya kwanza kuwaka itachelewa, na pengine ya pili pia. Ukiizima katikati, inabidi irudie. Pengine inafuta hata kile ilichokwisha kufanya. Hii imeanza kazi ileile tangu Jumanne, na haijaachiwa kuimaliza hata siku moja."

Fundi Saa alichukua kalamu. Akaandika: "Saa ikikwama tunaisimamisha."

"Najua, Fundi. Lakini hii haikukwama. Ilikuwa na shughuli. Utajuaje? Nikiiwasha, tazama taa hii ndogo kama inawaka na kuzima. Sikiliza feni kama inavuma. Tazama asilimia, namba iliyo chini ya kiduara, kama inapanda japo kwa kujivuta. Ukiona au ukisikia dalili mojawapo, iache."

Alichomeka chaja. "Chaji ikikatika katikati, ni hasara ileile." Akaiwasha. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Sasa hakuna kugusa. Nakwenda kutazama nyumba yangu, nitarudi baada ya saa moja."

Ndugu wawili wakabaki. Asilimia kumi. Asilimia ishirini na tano. Ilipofika thelathini, namba ikaganda. Dakika tano. Dakika kumi na tano. Fundi Saa alikunja miguu, akaikunjua. Mikono ilimuwasha. Meno yanalika humo ndani, aliwaza. Yanalika, na mimi nimekaa natazama. Akainuka kidogo. Kidole gumba kikafika kwenye kitufe.

"Usiiguse!" dada alisema.

Fundi Saa akashtuka.

"Nimekusikia ukiinuka. Huisikii feni? Inahema kama mtu anayepanda mlima. Yule binti kasema ikivuma inafanya kazi. Toa mkono hapo."

Akautoa. Dada alisogeza kiti chake karibu na meza, akainamisha sikio.

"Inapumzika kidogo... haya, imeanza tena. Mimi kesho naenda zangu, usidhani nimebadili mawazo. Mtu akitaka kusema na mwenzake hakosi njia. Lakini leo hutaiharibu mbele yangu."

Maneno hayo yalimchoma Fundi Saa. Alikuwa na jibu lake, refu, na lilikuwa limefungiwa ndani ya kile kioo cheusi. Akakalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kitu.

Namba ikaruka: arobaini. Sitini. Tisini. Jirani aliporudi, kompyuta ilikuwa imefunguka.

"Mmeona? Ilitaka kuachwa tu." Lakini hakuridhika; akaianzisha upya, akaipimia muda. "Bado ni nzito. Dakika nne kufungua ni nyingi."

Alianza kwa kunakili picha na maandishi ya Fundi Saa kwenye flashi. "Kabla ya kufuta chochote, weka akiba kwanza." Kisha akamwonyesha kwamba nafasi ya kuhifadhia ilikuwa imebaki kiduchu. Wakafuta video za zamani, wakamwaga na pipa la taka la kompyuta. Halafu akafungua mipangilio, kwenye orodha ya programu zinazoanza kompyuta inapowashwa. Zilikuwa kumi na nne.

"Zote hizi zinaamka kwa pamoja, zinasukumana mlangoni. Huu mchezo wa karata unauhitaji asubuhi?"

Fundi Saa akatikisa kichwa, akiona haya.

"Na hii ya mashine ya kuchapisha? Hata mashine yenyewe siioni."

Aliiuza zamani. Wakazima tisa. "Kuzizuia zisianze zenyewe si kuzifuta. Ukihitaji moja utaifungua. Hii ya kuzuia virusi usiiguse kamwe. Na hii inayokusomea maneno iache iamke, ndiyo sauti yako."

Mwisho alitazama kama kuna masasisho yaliyobaki. Yalikuwepo mawili madogo. Akayaacha yaishe, akachagua "Anzisha upya" kwenye menyu, si kwenye kitufe. Fundi Saa alitazama saa yake ya mkononi. Sekunde arobaini.

"Nimeipangia," jirani alisema. "Masasisho yataingia mchana, saa ambazo huhitaji kusema. Siku ikikaa saa nyingi kabisa bila taa, bila feni, bila namba kusogea, niite mimi. Usikimbilie kitufe."

Fundi Saa aligeuka kumtafuta dada yake. Kiti kilikuwa kitupu. Alikwisha kuingia kulala, kachoka kwa kufungasha. Akasimama mlangoni kwake kwa muda. Hakumwamsha.

Jumamosi asubuhi begi la dada lilikuwa kando ya mlango. Alikuwa ameketi, viatu miguuni. Fundi Saa aliiwasha kompyuta, akarudisha mkono nyuma. Kioo kikang'aa upesi.

"Shikamoo dada," kompyuta ilisema.

Mikono ya dada ikashika ncha ya kitambaa cha meza.

Fundi Saa aliandika. Alikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Kisha kompyuta ikasoma, polepole, kwa sauti ile isiyopanda wala kushuka:

"Sijakuchoka. Mashine ilinyamaza, nami sikujua kuingoja. Nilikuwa naisimamisha kila siku nikidhani naiokoa. Nisamehe. Tangu mke wangu afe, wewe ndiye mtu pekee anayengoja niseme. Wengine wananihurumia. Wewe unanibishia. Ukiondoka, sauti hii nitaipeleka wapi?"

Machozi yalimtoka dada, hakuyafuta.

"Irudie," alisema.

Kompyuta ikarudia yote, neno kwa neno.

"Siku zote hizo," dada alisema, "nilidhani umekaa hapo unanitazama tu. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Fundi Saa akaanza kuandika.

Saa tatu mpwa wake alibisha hodi. Aliingia, akaliinua begi lile pale mlangoni. Kompyuta ilikuwa ikisoma jambo fulani juu ya mvua na mwanamke aliyepita na miamvuli miwili. Mama yake alikuwa ameegemea meza, ametega sikio, viatu kavua.

"Mama, gari liko nje. Twende?"

"Rudisha begi chumbani, mwanangu, na ukae," alisema mama yake. "Mjomba wako ana maneno ya siku nne, na bado tuko Jumanne."