Aliyemo Diskini

Diski ilikataa kutoka. Lole aliandika amri ya kuitenganisha na kompyuta, akabonyeza, na jibu likaja lile lile: bado inatumika. Ajabu, kwa sababu alikwisha kufunga picha zote na ramani zote. Mchana ule ofisini walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake Nasio, aliyekaa kitini mguu umevimba kama papai.

Mguu ule ndio uliomnyima Lole raha. Juzi Nasio aliingia msituni kupiga picha nguzo za mawe za wahenga bila kuomba ruhusa. Kisiwani hapa Guam, hata mtoto akibanwa na mkojo porini husema kwanza, "Bibi, babu, nipisheni." Nasio aliona haya mbele ya wateja wageni aliokuwa nao. Mganga wao, bibi mzee Tan Chong, akasema diski yenye picha hizo irudishwe msituni kabla ya jua kuzama, na jini aliyezifuata picha abembelezwe atoke nazo. La sivyo mguu utakatwa.

"Chomoa waya, dada," Nasio alinong'ona.

"Nichomoe, nusu ya jini ibaki humu? Ngoja tumjue anayeitumia."

Akaiuliza kompyuta. Ukatokea mstari mmoja, na palipopaswa kuwa na jina pakawa patupu. Diski ikaanza kukwaruza polepole, na harufu ya udongo mbichi na majani yaliyooza ikajaa chumba kile ambacho madirisha yake hayakufunguliwa tangu mwaka juzi, ikazidi, hata Lole akahisi kuna mtu anayempumulia shingoni, naye hakuthubutu kugeuka.

"Mwombe sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Mwombe, Nasio."

"Niiombe kompyuta? Watu wakisikia si nitakuwa kichekesho?"

Akamsogeza dada yake, akaandika amri nyingine, ile ya wavivu, inayoifuta diski kwenye orodha ya kompyuta papo hapo bila kungoja aliyemo atoke. Mkwaruzo ukakoma. Harufu ikakatika.

"Si hiyo imetoka?" akasema.

Walimkuta Tan Chong msituni anawangoja. Aliipokea diski, akaishika kitambo.

"Hii tupu, jini hayumo. Mlimwomba atoke, au mlimfungia mlango?"

Lole akamtazama mdogo wake. "Tulimfungia, Tan Chong."

"Basi amebaki huko kwenu ndani ya kompyuta, na mlango wa kumtolea haupo tena."

Uvimbe ulikwisha kupita goti. Nasio akajitupa chini mbele ya mawe, akaomba radhi kwa sauti kubwa, analia, wala hakumwonea haya mtu. Lakini pale hapakuwa na wa kumsikia.