Kivishi cha Hofu

“Usiniue, kaka yangu! Nina mtoto ananyonya!”

Aliyelia hivyo alikuwa Masanja Lubigisa, pande la mtu, mfungwa wa maisha asiye na mke wala mtoto. Alikuwa amefungwa mikanda kitini, kichwani amevikwa kofia ya chuma, na maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya Nyamizi, mwanamke ambaye Masanja alimcharanga kwa panga alipovunja duka lake miaka minne nyuma.

Kofia ile iliitwa kivishi. Kilisoma kumbukumbu katika ubongo wa mtu mmoja, kikamvisha mwingine, pamoja na maumivu yake, harufu zake na mapigo ya moyo wake. Subilaga Mwakibete ndiye aliyekibuni, na juu yake alikuwa akiandika tasnifu ya shahada ya uzamivu katika saikolojia. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mkatili hupiga kwa sababu hajui uchungu wa anayepigwa. Mvishe uchungu huo, hatapiga tena. Wafungwa waliomtangulia Masanja walitoka kitini wakilia kama watoto, na tangu hapo hawakuinua mkono. Masanja alikuwa wa mwisho kabla ya utetezi wa tasnifu.

“Mapigo yake yamepanda sana, Profesa,” Subilaga alisema. “Nizime?”

“Acha panga lifike mkononi,” alijibu Profesa Mshigeni, msimamizi wake. “Bila hapo huna matokeo.”

Subilaga aliacha. Masanja akapiga ukelele, kisha akaukunja mkono wake mzima kifuani, akiulea kama mkono uliokatwa.

Walipomfungua, askari-chuma alisimama pembeni. Roboti huyo alisoma misuli ya mtu na kumkamata kabla ngumi yake haijamfikia mwenzake. Masanja akainuka, akapepesuka, akageukia kioo cheusi kilichotenga chumba hicho na cha wachunguzi. Humo aliona uso: kovu juu ya nyusi, taya pana. Uso ule ule uliokuwa umemwinamia na panga dakika chache zilizopita.

“Ndiye!” alipiga kelele. “Ndiye huyo! Mkamateni!”

Akakivamia kioo kwa kichwa. Kikapasuka. Akapiga tena, damu ikamrukia Subilaga shavuni. Askari-chuma hakutikisika, aliundwa kumzuia mtu asimpige mwingine, si asijipige mwenyewe. Masanja akaokota kigae cha kioo, akaupapasa uso wake kwa vidole, na alipoukuta uso ule ule uko kwake, akaanza kuuchana.

Subilaga alimrukia. Kigae kikamkata kiganjani, lakini akavua koti lake jeupe, akamfunika Masanja kichwa kizima, wakaanguka pamoja sakafuni.

“Dada,” Masanja alinong’ona chini ya koti, “bado yupo?”

“Hayupo. Ameondoka.”

“Atarudi. Namsikia anavyopumua.”

Masanja alipoteza jicho moja. Jioni ile Profesa Mshigeni alikuja hospitalini, akamtazama mgonjwa aliyefungwa bandeji uso mzima, kisha akaangalia vipimo.

“Hamu ya kudhuru wengine imekwisha kabisa,” alisema. “Umefaulu, Subilaga. Hili la jicho liweke kwenye dosari ndogo.”

Kesho yake Subilaga alimfuata Nyamizi kwake, akamweleza yote bila kuficha. Nyamizi alisikiliza, mkono wake uliokatwa umelala mapajani.

“Alilia?” aliuliza.

“Alilia, dada. Kwa maneno yako.”

“Nipeleke nikamwone.”

Wodini, Nyamizi alisimama kando ya kitanda. Kisha, kabla Subilaga hajawahi kumshika, akamchapa Masanja kofi kwa mkono wake mzima. Akamchapa la pili, la tatu, hadi bandeji ikalowa damu. Masanja hakujikinga. Alijikunja tu ukutani, akasema kwa sauti nyembamba:

“Usiniue, kaka yangu. Nina mtoto ananyonya.”

Mkono wa Nyamizi ukabaki hewani. Aliitambua sauti ile; alikuwa ameisikia ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Akarudi nyuma hadi mlangoni.

“Kitoeni kitu kile kichwani mwake,” alisema.

“Hakitoki, dada.”

“Na mimi changu hakitoki. Sasa tuko wawili. Mdogo wangu, umeponya nini hapo?”

Subilaga alirudi maabara akiwa na swali lile. Alimkuta Profesa Mshigeni akimfunga mikanda mfungwa mwingine, kijana mwembamba aliyehukumiwa kwa kumpiga jirani, askari-chuma akiwa bado hajawashwa. Magereza, alisema Profesa kwa furaha, yanataka kivishi mikoa yote, na wakubwa wanakuja kushuhudia.

“Mfungue,” Subilaga alisema.

“Usiwe mtoto. Hii ni kazi yako ya miaka sita.”

Subilaga akanyanyua nguzo ya chuma iliyoshikilia taa, akaishusha juu ya kivishi kilichokuwa bado mezani. Kofia ikabonyea. Profesa akamshika bega. Subilaga akamsukuma, akamwangusha chini. Akapiga tena. Nyaya zikakatika, vioo vikaruka, jeraha la kiganja likafumuka, naye akaendelea kupiga hata baada ya mashine kuwa vumbi na vipande. Aliyekuwa amesoma mamia ya kurasa kuhusu ukatili hakuwahi kusoma popote kwamba ni mtamu hivi.

Aliposimama kuvuta pumzi, Profesa alikuwa akitambaa kuelekea mlangoni. Yule kijana wa kitini alikuwa amejikunyata kadiri mikanda ilivyomruhusu, macho yamemtoka, naye hakuitazama mashine. Alimtazama yeye.

Subilaga alitaka kumwambia asiogope. Akafungua kinywa, kisha akagundua kwamba bado ameinua chuma.