Kiti cha Mkiani

Rafiki yangu Alwyn ana kichaa cha kupiga picha ndege za vita zilizokarabatiwa. Mkewe husema ameolewa uke wenza na mabati. Jioni moja huko Lincolnshire, Uingereza, katika banda la ndege walimobaki yeye na mlinzi tu, alijibana kwenye kiti cha mpiga bunduki, mkiani kabisa mwa ndege ya mabomu, akafunga vimlango mgongoni mwake.

Vikagoma kufunguka. Giza likaingia bandani. Nyuma ya vimlango akasikia mtu akihema, meno yakigongana kwa baridi.

"Desmond, acha utani wako!"

Desmond, mlinzi wa banda, akatokea nje, mbele ya kioo kilichozunguka kiti, na kikombe chake cha chai.

"Umenasa, mzee?"

Akacheka, akazunguka hadi mlango wa ndege, akamulika tochi ndani.

"Samahani, kijana," Alwyn akamsikia akisema, "hebu inuka hapo, mpishe mwenzako atoke."