Taa ya Tatu

Waya zilikuwa mbili, lakini taa zilizowaka zilikuwa tatu. Jambo dogo hilo, na mwingine angefunga chumba akaenda zake kunywa chai. Lakini fundi wa mitambo wa hospitali ile, ambaye watu wote hadi daktari mkuu walimwita Kebo, aliinama nyuma ya seva akatazama tena. Tundu la kwanza lina waya, taa yake inapepesa. La pili lina waya, taa inapepesa. La tatu ni tupu, limejaa vumbi, na taa yake inapepesa kuliko zote.

"We nawe unawakia nini?" akaliuliza, akacheka peke yake.

Jamani! Angejua asingecheka.

Waya zile mbili alizifunga mwenyewe zifanye kazi kama waya moja: hii ikikatika, ile inabeba mzigo, na mashine za wodini zinaendelea kupeleka mapigo ya mioyo ya wagonjwa kwenye skrini ya manesi. Asubuhi ile alikuwa amesasisha kiini cha mfumo wa seva, kazi aliyokwisha kuifanya mara nyingi huku akipiga mluzi. Safari hii mashine ilipoamka ikawa imeyapa matundu yake majina mapya, ikazikana waya zote mbili. Skrini ya manesi ikawa nyeusi tii. Na kwenye kitanda cha dirishani, katika wodi hiyo hiyo, alikuwa amelala mama yake mzazi, moyo umechoka, hajanyanyua kichwa tangu alipoletwa.

Kebo alichanganyikiwa. Badala ya kutulia ayaandike majina mapya moja moja, akafanya uvivu ambao mafundi wa kazi hiyo wanaujua na hawausemi: akaandika mstari mmoja kuiambia seva kwamba tundu lolote litakalojitokeza, kwa jina lolote lile, lipokelewe kwenye kundi la waya zile bila kuulizwa. Akabonyeza. Skrini ikawaka, mioyo yote ikarudi, na wa mama yake ukadunda vizuri kuliko jana. Akashusha pumzi.

Sasa kulikuwa na hii taa. Akaona aipime. Akampigia simu Sista, yule nesi mkuu wa wodi. "Sista, simameni karibu na wagonjwa. Nawakatia kidogo tu." Akachomoa waya zote mbili.

"Imezimika?"

"Imezimika," Sista akasema. Viatu vyake vikasikika vikienda dirishani. "Yote, isipokuwa ya mama yako. Yeye anadunda tu. Kebo, hii imekaaje?"

Kebo akakata simu. Akazirudisha waya haraka, akapanda ngazi.

Alimkuta mama ameketi. Mwanamke aliyekuwa akilishwa uji kwa kijiko sasa ameketi wima, mgongo haukugusa mto, akitazama mlango kabla mwanawe hajaingia. Wodi nzima ilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi, na nje jua lilikuwa linawaka.

"Umekuja, Kebo," akasema.

Akamshika mkono. Ulikuwa baridi, na ulimbana hadi vidole vikamuuma.

Mama mdogo, yaani mdogo wa mgonjwa, alikuwa amesimama ukumbini, kauma pindo la kanga yake. Alimvuta Kebo kwenye kona, akanong'ona kana kwamba kuta zina watu.

"Mwanangu, asubuhi ulipozima mashine mimi nilikuwa nimemshika. Alikata roho mikononi mwangu. Nikaita, hakuna aliyekuja, skrini yao haikuwaambia kitu. Halafu ikawaka, naye akafumbua macho."

"Alizimia tu, mama mdogo."

"Alizimia? Tangu tukiwa watoto dada ananiita Kidosho. Leo kaniita 'wewe'. Na wewe kakuitaje?"

Kebo akageuka akatazama mlango wa wodi. Mama yake hakuwahi hata siku moja kumwita Kebo. Alimwita Baba, jina la kumbembeleza, hata mbele ya wakwe.

"Umemfungulia nani mlango?" akauliza mama mdogo. "Nenda kamtoe. Dada yangu apumzike."

Alishuka. Akaufungua ule mstari, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Feni za seva, ambazo siku zote huvuma bila kupumzika, zilikuwa zinavuta na kuachia, zinavuta na kuachia. Simu ya ukutani ikalia.

"Kebo," sauti ikasema, na ilikuwa ya mama yake kabisa, pamoja na kile kikohozi chake. "Nje kuna baridi. Usinirudishe."

Na pale alipokuwa, kidole juu ya kitufe na harufu ya udongo ikipenya chini ya mlango, alijua, alijua vizuri kama anavyoijua sura yake, kwamba aliyesema si mama, na kwamba akibonyeza atapanda juu akute maiti, na kwamba kengele ambayo ingemwokoa mama ameizima yeye kwa mikono yake, na bado, bado, kikohozi kile kilikuwa cha mama, na alimpenda mama yake, basi, sababu nyingine hakuwa nayo. Akaondoa kidole.

Siku iliyofuata daktari alipima, akapima tena, akashika kiuno. "Mama huyu ni mzima kuliko mimi. Mpelekeni nyumbani."

Mama mdogo alikataa kupanda gari. Alibaki getini anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka. Wakiwa njiani Sista akapiga simu, sauti imeshuka: "Kebo, tumetandika kitanda cha dirishani, hakuna mtu, tumechomoa kila kitu, na skrini bado inadunda."

"Kesho nitaufuta mstari nilioandika kwenye seva," akasema, na kweli alikuwa amepiga moyo konde. Alishajiambia: nimpe usiku mmoja nyumbani, kisha nimwache aende.

Mama alishuka mwenyewe. Akatembea mpaka mlangoni, akasimama kizingitini, hakuinua mguu. Ndani mtoto wa Kebo alikuwa anacheza chini, anaimba. Mama akamgeukia Kebo, akangoja, na macho hayakupepesa hata mara moja, na ndipo Kebo alipoelewa anangoja nini, akaelewa kwamba neno lile asilitamke kwa lolote, hata ikiwa watakesha hapo nje, akauma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu.

Mkewe akatokea jikoni, anajifuta mikono, uso umejaa furaha.

"Mama! Mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Karibu, karibu ndani!"

Mama akatabasamu. Akaingia. Mtoto akaacha kuimba.

Simu ikalia mfukoni mwa Kebo. Alikuwa Sista, anacheka kwa nafuu. "Imezimika, fundi! Yenyewe tu, sasa hivi. Sijui umefanya nini huko, lakini ahsante."