Moshi Kwenye Chujio

Kila Jumatatu baada ya masomo, Nasugraq aliongozana na shangazi yake Aviaq hadi kwenye kibanda cha kupimia hewa, nje kidogo ya kijiji chao cha pwani, kaskazini kabisa ya Alaska. Shangazi ndiye aliyekitunza. Juu ya paa palikuwa na bomba refu lililovuta hewa ya baharini, na ndani hewa hiyo ilipita kwenye chujio jeupe lenye ukubwa wa kisahani. Kila juma chujio lilibadilishwa na kupelekwa maabara, ambako wataalamu walizitambua chembe zilizonaswa.

Nasugraq alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuchoka kuyatazama machujio ya zamani. Moja lilikuwa la kahawia hafifu. Shangazi alimwambia kuwa lile ni vumbi la jangwa la Asia, lililosafiri siku nyingi angani. Mtoto alibaki mdomo wazi. Kumbe dunia nzima ilikuwa ikipita juu ya mapaa yao, na watu wamekaa tu wanakunywa chai!

Lakini Jumatatu hii miguu yake ilikuwa mizito. Kila mtoto kijijini aliijua sheria: hakuna kupita na pikipiki ya theluji upande wa baharini wa kibanda, kwa kuwa upepo hutokea huko, na moshi ungeingia bombani. Jumamosi bibi yake alimtuma apeleke supu kwa baba na wenzake, waliokuwa wakivizia nyangumi ukingoni mwa barafu. Nasugraq alipoteza muda akicheza na vitoto vya mbwa, na supu ikaanza kupoa. Basi akakata njia kwa pikipiki, akapita palepale pasipopitwa. Hakuna aliyemwona.

Shangazi alifungua kifuniko. Chujio lilikuwa la kijivu.

"Ebu njoo uone," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani.

Aliliinua kwenye mwanga kwa furaha. Alieleza kuwa huenda ule ni moshi wa viwanda vya ng'ambo ya pili ya ncha ya dunia, na kwamba kwa miaka sita hakuwahi kuona chujio jeusi kiasi kile. Angeandika taarifa jioni ileile. Nasugraq alimwangalia, roho ikamuuma. Akinyamaza, shangazi atafurahi, lakini taarifa itakuwa ya uongo, tena yenye jina la shangazi.

"Shangazi, usiandike," alisema. "Jumamosi nilipita huku na pikipiki. Saa kumi na robo."

Shangazi aliliweka chujio mezani. Hakufoka. Alimuuliza tu kama ana hakika na saa, kisha akawasha kompyuta ya mtambo mwingine, ule unaopima gesi za moshi kila dakika. Mstari mwembamba ukatokea. Jumamosi, saa kumi na robo, ulipanda juu kama mwiba, na baada ya dakika nne ukashuka.

"Huyo ni wewe," shangazi alisema.

Nasugraq aliusogelea mstari ule. Hakuna jicho lililomwona, lakini hewa ilimwona.

Kisha shangazi akasogeza mstari nyuma, hadi Alhamisi. Hapo palikuwa na mwinuko mwingine, mpana na mpole, uliodumu siku mbili. Pikipiki haiwezi kufanya hivyo. Huo ndio ulikuwa moshi uliotoka mbali.

Chujio liliharibika, halikufaa tena kupelekwa maabara. Shangazi alimpa Nasugraq kalamu aandike mwenyewe katika daftari la kibanda siku, saa na alichofanya, na Nasugraq akaandika huku machozi yakimlengalenga.

"Kupita pale umekosa, na juma zima la kazi limepotea," shangazi alisema. "Lakini mficha uchi hazai. Ungenyamaza, tusingejua moshi upi ni wako na upi ni wa dunia. Watu wasiowahi kufika hapa wanaliamini daftari hili, mwanangu. Wanaliamini kwa sababu anayeandika ndani yake husema kweli, hata inapomuumbua."

Kisha wakaweka chujio jipya, jeupe kabisa.