Mashuka Yasiyo na Sauti

Ukumbi mdogo wa sinema pale Minneapolis ulifurika Jumapili ile alasiri, watu wakikung'uta theluji mabegani. Emérance, katika gauni la kitenge na sweta ya buluu, alikosa kiti. Kijana mmoja Mkenya, Griffins, akaondoa koti lake kwenye kiti cha pembeni kumpisha.

Kwenye skrini mwanamke alikunja mashuka peke yake, dakika baada ya dakika, kimya. Watazamaji wakahema kwa huruma. Emérance akacheka.

"Unacheka nini?" Griffins alinong'ona.

"Ndiyo kazi yangu, hospitalini Maplewood. Shuka kubwa hivyo mtu mmoja? Bosi angeshamfukuza. Inataka watu wawili."

Wakaanza kupigiana simu kila Emérance alipopumzika kazini.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula, mon cher. Na kamera yako, imekula?"

Griffins alisomea filamu, na alikuwa akitengeneza yake kuhusu watu wanaouza nguvu zao kwa saa. Msimamizi wa chumba cha kufulia alipokubali, akamrekodi Emérance kazini.

Alipomwonyesha, Emérance alijiona ndani ya mvuke mweupe, akielea kama ndotoni, mdomo ukifunguka bila sauti. Nyimbo za kwaya alizoimba na mwenzake Uwamariya hazikuwamo. Wala utani wao.

"Umetunyamazisha," alisema.

"Soko limewageuza mashine, Emé. Nataka watu waone hivyo."

"Mshahara ni mdogo, kweli. Mgongo unauma, kweli. Lakini mimi ni mtu hata nikiwa kule. Unanipenda mimi, ama unapenda kunihurumia?"

Griffins akaizima filamu. Kwa majuma matatu Emérance hakupokea simu zake.

Asubuhi moja Griffins akasimama mlangoni kwa kina Emérance, mtaani Champlin, kola imepinda, macho mekundu.

"Tamasha la filamu lilikuwa limeikubali ile ya kimya. Nikarudisha sauti zenu zote. Wameikataa, wanasema haihuzunishi tena."

"Ungewaachia ile ya kwanza."

"Huyo hakuwa wewe."

Emérance alitazama theluji ikitua polepole juu ya nywele zake.

"Uwamariya anasikika?"

"Sana. Anasema unaimba kama mashine ya kukaushia iliyolegea skrubu."

"Hiyo usikate."

"Emé, nataka kukuoa."

Emérance alimfuta theluji kwenye paji la uso, bila haraka.

"Basi tuma watu wako kwa baba. Waje Jumanne. Jumamosi niko zamu."